Babu Aliyekufa Maji: Namna ya Kumtafuta Kwenye Magazeti ya Zamani Ukiwa Iringa, Njombe au Mbeya

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunajulikana kwa baridi, viazi na ulanzi. Bahari si yetu. Lakini kaa na wazee jioni, moto ukiwa umeshika, uulize taratibu: hutakosa ukoo wenye mtu mmoja ambaye "alikwenda na maji". Kwa Wanyakyusa na Wakisi wa ufukweni maji hayo mara nyingi ni Ziwa Nyasa. Kwetu Kilolo, maji yenyewe ni bahari ambayo hakuna mtu wa familia aliyewahi kuiona, isipokuwa yeye.

Yeye ni mdogo wake babu yangu mzaa baba. Alichukuliwa jeshini wakati wa vita vya Hitila, na kilichorudi nyumbani ni sentensi moja tu: meli yake ilizama. Meli gani, mwaka gani, alikuwa anakwenda wapi, hakuna aliyejua. Nimehangaika na sentensi hiyo kwa miaka kadhaa. Haya ninayoyaandika ni njia niliyoifuata, pamoja na mashimo niliyotumbukia ili wewe uyaruke.

Kosa lililonila muda mwingi kuliko yote ni hili: nilikuwa natafuta habari kwenye tarehe ya ajali. Habari ya mtu aliyekufa maji haikai kwenye tarehe yake. Inachelewa, inajificha kwenye gazeti la mji mwingine, na mara nyingi inakuja kwa jina la mtu mwingine. Hatua zote zinazofuata zinatokana na jambo hilo.

Hatua ya 1: Anzia jikoni, usianzie maktaba

Mtu anayekimbilia gazeti akiwa hana mwaka atapekua kurasa mpaka macho yaume. Mwaka unaupata kwa wazee, ila usiwaulize mwaka. Uliza kulikuwa na nini.

Shangazi yangu ana miaka zaidi ya 80. Nilimkuta akichambua maharage.

"Kamwene, shangazi."

"Kamwene, mwanangu. Umekuja na lidaftari lako tena?"

"Nimekuja na lile swali la babu mdogo. Aliondoka mwaka gani?"

"Mwaka nitaujuaje mimi? Nilikuwa nabebwa mgongoni."

"Basi bibi alisemaje? Wakati anaondoka, huku nyumbani kulikuwa na nini?"

Akanyamaza, akatupa punje mbovu pembeni. "Mama alisema Wapolandi walikuwa wameshafika Ifunda. Yeye alikuwa akiwapelekea mayai. Ndiyo wakamwona huko, wakamwandika."

Sijui kama kweli aliandikwa jeshini kwa sababu ya mayai, lakini Wapolandi ni dhahabu. Wakimbizi wa Kipolandi waliletwa Tanganyika kuanzia 1942, na miongoni mwa makambi yao yalikuwamo Ifunda hapa Iringa na Kidugala kule Njombe. Kwa hiyo babu mdogo hakuondoka kabla ya 1942, na vita viliisha 1945. Dirisha likawa la miaka mitatu tu, badala ya maisha mazima.

Tengeneza orodha yako ya matukio ya namna hiyo kabla ya kwenda kwa mzee. Mimi ninayo haya: vita vya Lugalo, 1891, kifo cha Mkwawa, 1898, Majimaji, 1905 hadi 1907, vita vya Wajerumani na Waingereza, 1914 hadi 1918, na ile homa kubwa iliyofuata, nzige wa mwanzoni mwa miaka ya 1930, Wapolandi, fuvu la Mkwawa kurudishwa Kalenga, Juni 1954, Uhuru, 1961. Ukiwa upande wa Mbeya, ongeza dhahabu ya Lupa na kuanzishwa kwa mji wenyewe wa Mbeya mwaka 1927. Mzee asiyejua mwaka wa kuzaliwa kwake atakwambia bila kusita kama jambo fulani lilitokea kabla au baada ya fuvu kurudi.

Uliza pia vitu. Kuna barua? Picha yenye mhuri wa studio ya Nairobi? Medali? Karatasi ya malipo? Kwetu kulikuwa na kopo la bati lenye karatasi, likaliwa na mchwa mwaka ambao hakuna anayetaka kuutaja kwa sababu kila mtu anamlaumu mwenzake.

Hatua ya 2: Liandike jina lake kwa makosa yote yanayowezekana

Karani aliyeandika jina la babu yako hakuwa Mhehe wala Mnyakyusa. Aliandika alichosikia. Chukua karatasi uandike kila namna: L ikiwa R, V ikiwa W au B, G ikiwa NG, "Mw" ikiwa "Mu" au "Moa". Mwakalinga anaweza kuwa Muakalinga, Mwakaringa, Makalinga. Mgimwa anaweza kuwa Mugimwa au Ngimwa.

La pili, na hili ndilo linaloangusha wengi: jina la ukoo huenda halimo kabisa. Jeshini na kazini mtu aliandikwa kwa jina lake na la baba yake, katikati wakiweka "s/o", yaani mwana wa fulani. Jina unalojivunia leo kwenye kitambulisho cha taifa pengine lilianza kutumika kama jina la ukoo kwa baba yako tu. Tafuta basi jina lake la ubatizo, jina la utoto, jina la baba yake, na kama alisilimu akiwa pwani, jina la huko.

Majina ya mahali nayo yanabadilika. Ukitafuta "Mbeya" kabla ya 1927 unajisumbua bure. Enzi za Wajerumani Tukuyu iliitwa Neu-Langenburg, na Iringa mara nyingi iliandikwa Neu-Iringa. Wakati wa Waingereza, Kyela ilikuwa sehemu ya Rungwe, na Njombe na Songwe hazikuwa mikoa. Njombe imekuwa mkoa 2012 na Songwe 2016. Mtu wa Kyela aliyekufa 1946 ataandikwa ni wa Tukuyu au Rungwe, au ataitwa tu "mtu wa Tanganyika".

Hatua ya 3: Amua ni maji yapi

Ukishapata dirisha la miaka, orodhesha vyombo vilivyozama ndani yake. Kwa watu wa huku kwetu ninaangalia sehemu tatu.

Ya kwanza ni Ziwa Nyasa. Tarehe 30 Julai 1946 meli ya abiria Vipya ilipinduka upande wa kaskazini-magharibi wa ziwa, ikaua watu 145. Ilikuwa meli mpya kabisa, na Julai ni msimu wa mwera, ule upepo wa kusini unaoinua mawimbi ambayo mvuvi wa Matema hahitaji kuelezwa. Meli ilikuwa ya Nyasaland, yaani Malawi ya leo, kwa hiyo usianzie Dar es Salaam. Anzia gazeti la Blantyre, Nyasaland Times. Kama babu yako alipotea ziwani katikati ya miaka ya 1940 akienda au akirudi upande wa pili, hapo ndipo pa kuanza. Kama alizama na mtumbwi akivua, nikwambie ukweli mapema: gazetini hutamkuta. Mtumbwi wa mvuvi haukuwa habari. Mtafute kwenye vitabu vya misheni.

Tofauti ni kama ndani ya chombo alikuwamo mkubwa. Chauncy Maples, askofu wa UMCA, misheni ya Waanglikana, alizama Ziwa Nyasa tarehe 2 Septemba 1895, na mpaka leo unaweza kufuatilia ajali hiyo kwenye machapisho ya misheni yake kana kwamba ilitokea juzi. Kifo cha mkubwa huacha karatasi. Shikilia hilo, tutalihitaji tena.

Ya pili ni Bahari ya Hindi wakati wa vita vya pili, nayo ndiyo iliyombeba wa kwetu. Tarehe 5 Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Mombasa kwenda Colombo. Ndani ya meli Khedive Ismail walikuwamo watu 1,511, na karibu 1,000 kati yao walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Jumamosi ya tarehe 12, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga kwa torpedo. Ilizama ndani ya dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297. Waliookoka ni wanaume 208 na wanawake 6. Manowari za Uingereza Paladin na Petard ziliisaka nyambizi hiyo na kuizamisha siku hiyohiyo.

Dakika mbili. Ninaposoma hapo huwa nasimama. Kijana wa Kilolo, aliyejifunza kuogelea kwenye mto wa kukufika kiunoni, kama alijifunza kabisa.

Familia zenye asili ya India, ambazo zimekuwa na maduka Iringa na Mbeya tangu zamani, ziangalie pia meli Tilawa. Ilikuwa ikitoka Bombay kuja Mombasa, ikapigwa na nyambizi ya Japani tarehe 23 Novemba 1942, wakafa watu 280.

Ya tatu ni ajali za karibuni: MV Bukoba, 21 Mei 1996, MV Spice Islander, Septemba 2011, MV Skagit, Julai 2012. Hizi hazihitaji mwongozo mrefu. Nenda maktaba ya mkoa au kwenye ofisi za magazeti ya Dar es Salaam, omba magazeti ya wiki tatu kuanzia siku ya ajali, usome kila ukurasa.

Hatua ya 4: Kwa askari, pita kwenye orodha ya makaburi kwanza

Kama mtu wako alikufa jeshini katika moja ya vita vikuu viwili, usifungue gazeti kabla ya kutafuta jina lake kwenye tovuti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, inayojulikana kwa herufi CWGC. Ni bure, unaweza kuifungua kwa simu ukiwa Uyole au Ilula.

Usianze kwa jina. Jaza tarehe ya kifo na jina la kikosi, kisha soma orodha yote, mstari kwa mstari, ukiwa na ile karatasi ya makosa ya Hatua ya 2 pembeni. Kwa Khedive Ismail weka 12 Februari 1944 na East African Artillery. Utapata mamia ya majina. Kila ingizo ni fupi: jina, cheo, namba ya jeshi, kikosi, tarehe, na mahali anapokumbukwa. Wengi wa hawa hawana kaburi. Majina yao yako kwenye mnara wa Afrika Mashariki ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong, na ingizo litakwambia safu ya ukuta.

Mimi nilitumia usiku mbili. Usiku wa pili, umeme ukiwa umekatika na simu ikiwa na asilimia 11, nilikuta jina la kwanza la babu mdogo likiwa na jina la baba yake, lakini jina la baba limepungua herufi. Sikulala. Lakini pia sikushangilia, kwa sababu majina ya namna hiyo ni mengi kuanzia Iringa hadi Tabora. Orodha inakupa mtu anayewezekana. Gazeti na familia ndivyo vinavyomthibitisha au kumkataa.

Kwa vita vya kwanza, orodha hiyo ina pengo kubwa. Wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa makumi ya maelfu na wengi hawakuandikwa majina. Tume yenyewe ilikiri kosa hilo kwenye ripoti yake ya 2021. Usipomkuta babu wa 1916, usidhani hakuwapo.

Hatua ya 5: Chagua gazeti kwa kujiuliza lilikuwa likiandikiwa nani

Enzi za Wajerumani gazeti la walowezi lilikuwa Deutsch-Ostafrikanische Zeitung la Dar es Salaam, kuanzia 1899 hadi 1916. Maktaba ya serikali ya Berlin imeliweka mtandaoni bure. Hata kama Kijerumani hukijui, unaweza kutafuta jina la meli na la mji. Ya Kiswahili ni Kiongozi la Tanga na Pwani na Bara la Walutheri. Angalia mtego: kuna Kiongozi jingine, la Wakatoliki, lililoanza Tabora 1950. Mtu akikwambia "tunalo Kiongozi", muulize la mwaka gani kabla hujalipa nauli.

Wakati wa Waingereza, gazeti letu ni Mambo Leo, lililoanza 1923 likitolewa na idara ya elimu kila mwezi. Utamu wake upo kwenye barua za wasomaji na habari za miji: walimu, makarani na wanafunzi wa misheni waliandika kutoka Tukuyu, Iringa na Njombe kueleza mvua, harusi, vifo na nani amehamishwa. Hapo ndipo Mwafrika alikuwa na jina. Ila ni la mwezi, na barua ilisafiri kwa wiki kadhaa kabla ya kuchapwa, basi ongeza miezi miwili hadi minne juu ya tarehe ya tukio. Kwa vita vya pili tafuta pia Baraza, lililoanza Nairobi 1939, na Askari, gazeti la wanajeshi wenyewe.

Ya Kiingereza ni Tanganyika Standard, tangu 1930, na East African Standard la Nairobi. Haya yaliandikiwa Wazungu, na ajali yoyote waliyokufa watu wa rangi zote utaikuta imeandikwa hivi: Wazungu kwa majina na vyeo, Wahindi wakati mwingine kwa majina, Waafrika kwa idadi. Inakera. Lakini itumie. Kama babu yako hakutajwa, fuata ofisa wake. Ofisa wa kikosi cha mizinga ana tanzia, ana mama aliyetoa tangazo la kumbukumbu kila Februari, ana shule Uingereza iliyoandika habari zake. Kila karatasi inayomhusu yeye inaeleza pia ile saa ya mwisho ya askari waliokuwa chini yake. Kwenye Khedive Ismail walikufa vilevile wanawake 77, wengi wakiwa wauguzi, na magazeti ya miji yao yaliwakumbuka. Njia yangu ya kumfikia babu mdogo ilipita kwa watu wa namna hiyo.

Magazeti ya nje usiyadharau. Maktaba ya taifa ya Australia ina tovuti iitwayo Trove, na New Zealand wanayo Papers Past, zote bure. Huko walichapa habari za simu kutoka London na Nairobi, hata ajali za maziwa ya Afrika. Mkusanyo mkubwa wa magazeti ya Uingereza unalipiwa. Usijiandikishe mpaka uwe na orodha ya unachotafuta, kisha maliza yote ndani ya mwezi mmoja.

Hatua ya 6: Soma mkia, si kichwa

Wakati wa vita magazeti hayakuruhusiwa kutaja meli ya jeshi iliyozama, njia yake wala siku yake, adui asije akajua. Mimi sikulijua hilo. Nilikwenda moja kwa moja kwenye magazeti ya Februari 1944, nikayasoma yote, nikakuta bei za katani, matangazo ya sabuni, habari za Urusi na Italia. Kuhusu meli, kimya. Nilirudi Iringa nikiwa nimeshaamini kwamba hadithi ya nyumbani ilikuwa ya uongo.

Safari ya pili niligeuza mpango, na huu ndio ninaoupendekeza. Kwanza, soma orodha za waliokufa na waliopotea za miezi mitatu hadi minane baada ya ajali. Kwenye Kiingereza tafuta "missing at sea", "presumed drowned", "lost by enemy action". Meli haitajwi, lakini majina mengi ya kikosi kimoja yakifuatana wiki moja, hiyo ni alama. Pili, ruka hadi tarehe ileile mwaka mmoja baadaye, na miwili baadaye, kwenye safu ya kumbukumbu za marehemu. Hapo ndipo nilipofunguka: gazeti la Nairobi, chini kabisa pembeni, mistari minne midogo ya familia ya Kizungu ikimkumbuka kijana wao wa mizinga, aliyepotea baharini 12 Februari. Siku na kikosi vyote viwili, kwenye kipande cha karatasi kisichozidi kidole gumba. Tatu, soma miezi baada ya vita kwisha, udhibiti ulipolegea na walionusurika walipoanza kusimulia.

Kwa magazeti ya Kiswahili, badilisha maneno. Wa zamani hawakuandika "ajali ya meli" kama sisi. Tafuta merikebu, chombo, jahazi, manowari, kughariki, kufa maji, kutoswa. Na ukitumia mashine ya kutafuta mtandaoni, kumbuka kwamba kompyuta inabahatisha herufi kutoka kwenye picha iliyofifia, na kwa majina ya Kibantu inabahatisha vibaya sana. Tafuta jina la meli au la kikosi, kisha soma ukurasa kwa macho yako mwenyewe.

Gazeti la Serikali nalo lina matangazo ya mirathi. Halisisimui, ila lina majina kamili na wilaya.

Hatua ya 7: Siku ya kwenda kwenye majalada

Kabla ya kupanda basi la Dar es Salaam, pita kwenye maktaba ya mkoa, Iringa au Mbeya, na kwenye jumba la makumbusho la Boma pale Iringa mjini, uulize. Huenda usipate gazeti lakini ukapata mtu anayejua aliko mzee mwenye sanduku la Mambo Leo. Kwa watu wa Rungwe, Wamoraviani wapo tangu 1891. Kwa Iringa, misheni ya Wakatoliki ya Tosamaganga. Vitabu vya ubatizo vitakupa tahajia ya jina ambayo karani wa jeshi huenda aliinakili.

Dar es Salaam nenda sehemu mbili: Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na mkusanyo wa Afrika Mashariki kwenye maktaba ya Chuo Kikuu. Piga simu kwanza. Beba kitambulisho, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, penseli na sweta; wanaotunza karatasi vizuri huweka kiyoyozi. Kalamu ya wino iache kwenye begi. Uliza kuhusu kupiga picha kabla ya kutoa simu.

Gazeti la 1944 lililojalidiwa ni zito kama debe la mahindi na lina harufu ya vumbi tamu. Karatasi imekuwa rangi ya chai ya rangi na kingo zinavunjika kama chapati iliyolala. Usilambe kidole. Ingiza kiganja chote chini ya ukurasa, ugeuze kutoka juu. Usianze na habari kubwa. Anza na ukurasa wa matangazo madogo, kwani familia huandika huko.

Na jiandae kwa hasara. Mahali pamoja, ambapo sipataji, niliambiwa nirudi kesho mara tatu, na jalada lilipokuja, kurasa za wiki niliyoitaka zilikuwa zimekatwa kwa wembe, kwa unadhifu kabisa. Kuna mtu alitangulia. Ukikuta hivyo, andika tarehe zilizokosekana uende kutafuta nakala nyingine. Gazeti moja hukaa zaidi ya sehemu moja, na yapo yaliyopigwa maikrofilamu.

Kwenye daftari andika pia ulichokikosa: gazeti, tarehe kutoka hadi, maneno uliyotafuta, hakuna. Bila hivyo utarudia jalada lilelile baada ya miaka miwili ukidhani ni jipya. Nimefanya hivyo. Mara mbili.

Hatua ya 8: Rudisha ulichopata nyumbani kabla hujakiamini

Pima kila jina kwa mambo matatu: dirisha la miaka, kikosi au njia ya safari, na jina la baba. Mawili yakikubali, una dhana nzuri. Yote matatu yakikubali, mwite mzee.

Nilimchapishia shangazi lile ingizo la CWGC kwa herufi kubwa, pamoja na picha ya ile mistari minne ya gazeti la Nairobi. Nikamsomea jina, nikamweleza kwamba jina la babu mkuu limekosewa, herufi imepungua.

"Nani kakwambia limekosewa?" akasema. "Ndivyo padri wa Tosamaganga alivyokuwa akimwita. Ulimi wake haukuweza. Mzee akachoka kumsahihisha, akaitika hivyohivyo mpaka anakufa."

Sasa nina tahajia ya padri, na tahajia hiyo sijawahi kuitafuta kwenye gazeti lolote. Jumatatu nakwenda Tosamaganga kuomba kuona kitabu cha ubatizo, kisha narudia Mambo Leo ya 1944 na 1945 tangu mwanzo.